Donge Lililovimba Njiani

Ganda la chungwa likikwaruzwa, ile harufu kali ikiingia puani, mimi huangalia mikono yangu kwanza. Nina watoto wawili na nyumba yangu mwenyewe, lakini bado naangalia kama vidole vina unga. Wacha niwaambie kwa nini, maana siri hii niliificha miaka mingi.

Tuliishi mtaa wa Kaptembwo, chumba kimoja na nusu, ile nusu ikiwa ni pazia. Baba ni Mkalenjin wa nyuma ya Salgaa, mama ni Mkikuyu wa Bahati. Kwa Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, hilo lilikuwa kosa lisilohitaji maelezo. Kwa miaka tisa tangu waoane hakuwa amekanyaga kwetu. Tukienda kwake alinipakata, akanipa maziwa, lakini siku ambayo mama alipika, Kogo alikuwa ameshiba. Hakuwahi kumtukana. Hakuwahi pia kumwita kwa jina lolote. Mama alikuwa "huyo".

Basi Disemba moja baba akaja na habari zilizomfanya mama aketi juu ya mtungi wa maji. Ijumaa Kogo angekuja mjini kuonyesha macho hospitali, na angepitia kwetu pamoja na shangazi zangu wawili na baba mdogo.

"Ni chai tu," baba akasema. "Amesema hatakaa."

Mama alihangaika siku mbili. Akipika mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi vya kwao, ataambiwa amewaletea Ukikuyu. Akiweka mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, ataambiwa anaigiza. Mwisho akamweleza mwajiri wake, Mama Jignesh, Mhindi mwenye duka la vitambaa ambako mama alikuwa akifagia. Mama Jignesh akamfundisha kitu rahisi kisicho na kabila: nunua unga wa mkate uliokandwa tayari, kwa mlango wa nyuma wa bekari. Usukume, upake siagi, sukari na ganda la chungwa, uukunje kama mkeka, ukate vipande vya upana wa vidole vitatu, uoke. "Hii hata mtoto hawezi haribu," alisema.

Ijumaa asubuhi nikatumwa bekari. Nilikuwa na miaka minane. Mwokaji alinipa donge la unga ndani ya mfuko wa nailoni, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, la baridi na zito. Mama alikuwa ameniambia nirudi mbio, na kweli nilirudi mbio mpaka nilipowakuta wenzangu wanaruka blada, ile kamba ya mpira.

Sijui niliruka muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipoufuata mfuko wangu pale ukutani, juani, nilipiga mayowe. Donge lilikuwa limekuwa mawili! Limeujaza mfuko na kuchungulia nje, na nilipoligusa lilikuwa na joto, likabonyea, kisha likainuka polepole kama tumbo la mtu aliyelala. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba unga huvimba. Kwetu tulikula ugali na chapati, na chapati hukaa vile ulivyoiweka.

Niliogopa. Kwa mama, kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kurudi na zaidi ya ulichotumwa. Angeniuliza nimekitoa wapi, nami ningemwambia nini? Kwamba kimekua? Nikanyofoa vipande na kuwatupia bata waliokuwa mtaroni. Nilipofika kona ya fundi wa nguo lilikuwa limevimba tena, nami nikanyofoa tena. Nikafika nyumbani na donge la ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, nikijivunia uaminifu wangu.

Mama alilibonyeza. Likanywea mbele ya macho yetu likabaki kama ngumi.

"Chebet, hii ndio yote?"

"Ndio, mama."

"Hukuangusha ingine?"

"Sikuangusha." Na kweli, kutupa si kuangusha.

Mama akasema bekari wamempunja. Alisukuma, akakunja, akakata. Vikatoka vipande sita, na sisi na wageni tulikuwa watu saba.

"Si ukate ndogo ndogo," baba akasema.

"Ndio waseme mimi ni mkono birika? Ni sita, na ni kubwa."

Akaoka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na ile harufu ya chungwa ikawatoa majirani nje kuuliza kuna nini.

Wageni walipofika, Kogo alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani. Mama akazungusha sahani. Kipande cha mwisho akakiweka mkononi mwangu, kisha akasimama mlangoni na birika la chai. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kile kilikuwa cha mama, changu kiko tumboni mwa bata.

Nikasubiri Kogo aseme ameshiba. Badala yake alikinusa kipande chake, halafu akaanza kuangalia mikono ya watu, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa mikono ya mama. Nikajua nimekwisha.

"Na wewe, Mama Chebet," akasema. "Yako iko wapi?"

Baba mdogo aliacha kutafuna. Sikuwa nimewahi kumsikia Kogo akimwita mama hivyo. Mfuniko wa birika ulianguka sakafuni, na hakuna aliyeuokota.

"Nimeshiba, mama," mama akajibu.

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo," Kogo akasema. Akavunja kipande chake katikati, akanyoosha mkono. "Shika. Kaa chini."

Mama alikaa. Alikula akilia, nami nikakodoa macho, nikishukuru Mungu kwamba hakuna aliyetaja bata.

Mwaka jana nilimwambia mama ukweli, yeye akiwa na greta mkononi, akikwaruza chungwa. Nilitegemea kofi, na umri wangu huu wote. Akasema, "Na vile nimewachukia watu wa ile bekari!" Akacheka mpaka akaketi.

Miaka yote nilidhani Kogo aliniokoa nisichapwe, na kwamba mama alilia kwa aibu ya sahani kuwa tupu. Mpaka nilipoolewa, nikasimama na birika mbele ya mama mkwe wangu nikingoja aonje, ndipo nilipojua mama alikuwa amesimama pale mlangoni miaka tisa, akingoja vivyo hivyo. Kama vipande vingetosha, kila mtu angeangalia chake, na Kogo hangeona mikono ya nani ilikuwa mitupu.