Bidon tano za maharagi nilizomuficha yaya yangu

Wakuu, wenye umeme na wenye kibatari, nawasalimu wote bila kubagua.

Wiki hii nimeona munashindana kupostisha picha za makabati. Huyu na makopo yake, yule na muchele kwenye ndoo, eti stoki ya dharura. Vizuri sana. Mimi pia nilikuwaka na stoki ya dharura.

Acha niwape yangu vile ilikuwa, bila kutia chumvi. Kama ningetaka kudanganya ningejipamba, na humu ndani hakuna pahali nimependeza.

Kiswahili yangu iko ya Masisi. Mwenye kutaka kunisahihisha asubiri nimalize.

Sisi tuko bantu wa milima, tunalima maharagi na muhogo tangu babu wa babu. Na tangu nilipata akili, kila familia inajua siku yoyote inaweza kukimbia. Kwa hiyo kuweka chakula kwetu haiko mambo ya kusoma kwenye simu. Muntu anaanika maharagi, anachanganya na majivu, anajaza kwenye bidon za manjano zile za mafuta, anafukia kwenye shimo. Akirudi kutoka porini, batoto wako na cha kula, na yeye iko na mbegu ya kupanda.

Mama yetu njo alitufundisha. Siyo mimi hasa. Alimufundisha yaya, mimi nilikuwa nacheza mupira.

Yaya kwetu ni dada mukubwa. Wangu anaitwa Vumilia. Aliolewa kule Nyabiondo, bwana yake alikufa, akabaki na batoto wane na shamba.

Sasa mwaka ule Nyabiondo ikawaka. Yaya akafika kwangu kwa miguu, batoto wane nyuma, sufuria moja kichwani. Kwetu muntu aliyekimbia vita haulizwe atakaa siku ngapi. Unamufungulia mulango, unamuonyesha pa kulala, mambo yamekwisha. Nikamufungulia.

Mwezi wa kwanza tulikuwa sawa. Mwezi wa pili nikaanza kuhesabu sahani.

Wakuu, njaa haijafika bado, lakini woga wa njaa ulishanifikia. Nilikuwa naona batoto wangu watatu, na wake wane, na maharagi yangu ikikaribia kukomaa kwenye shamba la mbali, kule ngambo ya mto. Nikajiambia: hii ikiingia nyumbani tutaila yote pamoja, na siku ya kukimbia sitakuwa na kitu mukononi.

Ningeweza kumuambia tu. Ningesema yaya, hii tunaweka, hii tunakula. Angekubali, tena angenisaidia. Lakini hapana, nilijiona mwerevu.

Nikamuambia mvua imeharibu maharagi yote, imeozea shambani.

Yaya alisikitika sana. Alinishika mukono, akasema pole, mutoto wa mama. Kesho yake akaanza kwenda kulima kwa bantu, kulipwa kopo ya maharagi jioni. Hiyo kopo alikuwa analeta kwa bibi yangu, mama wa batoto wangu, inaingia kwenye sufuria ya wote. Mimi nakula. Nasali mbele ya chakula, macho nimefunga, namushukuru Mungu kwa maharagi ya yaya.

Na yangu nilikuwa navuna siku zile zile anaenda kulima.

Hapa njo munisikilize vizuri, wenye makabati.

Maharagi inaanikwa kwenye kiwanja. Unatandika shitingi, ile turubai ya plastiki, mbele ya nyumba, unamwaga, unageuza, siku nne ao tano za jua kali. Kila muntu anayepita anaona umevuna. Mimi kuanika kwenye kiwanja ningeanika vipi, na nilishasema imeoza?

Nikaanika ndani. Chumba chetu cha kulala, chini ya kitanda, mulango umefungwa, nimeweka mbabula, jiko la makala, pembeni. Siku tatu tu. Bibi yangu, mama Esperansi, aliniambia mara moja, kwa sauti ya chini, kwamba hii bado haijakauka. Nikamujibu afanye kazi yake. Hakurudia.

Siku ya Mungu ikafika. Nikasema tumbo linaniuma, yaya akaenda kanisani na batoto wote. Nilisikia ngoma za misa nikiwa najaza bidon. Tano, nikatia majivu, nikafunga vifuniko na nailoni, nikafukia nyuma ya jiko, nikapanga kuni juu. Wakati wanarudi nilikuwa kitandani. Yaya alikuwa amenibebea majani ya kutuliza tumbo, akachemsha mwenyewe. Nikakunywa yote.

Sijui kama munaweza kuelewa uchungu wa ile dawa.

Kisha nikaanza kununa. Mutoto wake mudogo akiomba kuongezewa, nakohoa. Sikumufukuza yaya, wakuu, mtu asije akasema nilimufukuza. Nilikohoa tu, na yeye siyo mupumbavu. Asubuhi moja alifunga vitu vyake, akasema kwenye kambi ya Lushebere wanapokea bantu, angekwenda kule asitulemee.

Alinishukuru mbele ya bibi yangu. Akasema: "Umetutunza, mutoto wa mama. Mungu atakurudishia."

Alinirudishia kweli.

Haikupita muda mulima wetu nao ukasikia risasi. Tulitoka na nguo tulizovaa. Tulikaa porini, tunakula mateke, yale magimbi, mabichi-mabichi, mvua inatunyeshea. Na mimi, nawaambia ukweli, nilikuwa na amani. Bibi yangu analia, mimi namutuliza: tulia mama Esperansi, tuko na bidon tano. Batoto wakililia njaa nawaambia mutakula maharagi muchoke.

Tuliporudi nyumba ilikuwa tupu. Mbuzi hakuna, sufuria hakuna, hata mulango walibeba. Lakini kuni zangu ziko vile vile. Nilicheka kwa sauti. Nikazitupa huku na huku, nikachimba kwa mikono.

Bidon ya kwanza ilikuwa imevimba tumbo. Nilipofungua kifuniko ikapumua usoni mwangu, harufu kama pombe iliyolala. Maharagi ndani imeshikana, nyeusi, na nywele za kijani.

Ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Ya ine imeota mizizi ndani kwa ndani. Ya tano, juu ilionekana afadhali.

Nilikuwa nimesema maharagi yangu imeoza. Basi.

 Mama Esperansi alikaa chini pale kwenye udongo, akavua kitambaa cha kichwa, akajifunika uso. Batoto wakamuuliza atapika saa ngapi.

Kukawa hakuna njia ingine. Lushebere.

Na sasa sikia upumbavu wa muntu wa kwetu. Kwetu hauendi kwa dada mukubwa mikono mitupu, hata ukiwa unakimbia. Ni haya kubwa. Kwa hiyo nikachagua ile ya bidon ya tano, nikaiosha, nikaipiga jua siku moja, nikafunga kwenye kitambaa. Niliibeba mwenyewe mpaka kwa yaya. Ushahidi wangu, nimeushika na mikono miwili, kama zawadi.

Yaya alitupokea mbele ya kibanda chake cha shitingi. Alikumbatia batoto wangu mumoja mumoja, akaniambia nikae. Nikamupa kile kitambaa. Akafungua, akafurahi kwanza. Kisha akachukua punje moja, akaiuma.

Mama alitufundisha hivyo. Punje iliyokauka inavunjika na sauti, tak. Ile ambayo haijakauka inapokea alama ya jino. Hii haikutoa sauti, na harufu ilishamufikia.

Akaiangalia kwenye kiganja. Akauliza: "Hii ulianika wapi?"

Ningedanganya. Lakini nilikuwa nimechoka, wakuu.

"Ndani ya nyumba."

"Ndani? Juu ya nini ndani, na jua iko inje?"

 Yaya alibaki na ile punje mukononi. Niliona akirudisha miezi nyuma, polepole, kama muntu anayetafuta kitu alichoangusha njiani. Niliona pahali alipokifikia.

"Siku zile nilikuwaka kwako," akasema.

 Alifunga kile kitambaa, akamuambia binti yake mukubwa akatupe kwenye choo, siyo kwa kuku, juu maharagi ya ukungu inaua. Halafu akainamia moto, akafunua sufuria. Yalikuwa maharagi, ya musaada, kidogo, imepikwa na chumvi tu. Akapakua. Batoto wangu kwanza, kisha mama Esperansi, kisha mimi. Batoto wake mwisho. Yule mudogo, niliyekuwa namukoholea, alipata ya chini kabisa, akakwangua sahani.

Mimi niliweka sahani chini. Yaya akaniambia: "Kula. Umetembea."

Tuko hapa mpaka leo. Kibanda changu kiko nyuma ya chake. Kila akipata maharagi anatutumia bakuli, imefunikwa vizuri. Na ile neno hajaigusa hata siku moja. Ningependa anitukane. Ningependa anipige na muti wa kupikia mbele ya kambi nzima. Anatuma bakuli tu.

Basi, fundisho, juu najua njo munangoja. Anika siku nne ao tano, jua kali, uma na jino kabla ya kufunga. Majivu yawe makavu, yamechungwa na chekeche. Bidon ijae mpaka shingoni, upepo usibaki ndani. Shimo liwe juu ya mulima, siyo pahali maji inapita.

Na anikia kwenye kiwanja, pahali dada yako anaweza kuona. Angenishika mukono siku ile ile aniambie bado, ongeza siku mbili. Punje moja tu ingemutosha.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kunitukana watukane, nimekuja nimejiandaa. Wa kuuliza juu ya majivu waulize, nitajibu nikipata pa kutia simu moto. Lakini kama kuna humu muntu aliyewahi kuomba samahani kwa dada ambaye hajamulaumu, anielekeze maneno alianzia wapi. Bakuli ya leo imeshafika, na bado sijairudisha.