Kengele ya Ng'ombe Mla Mahindi

Juzi nikiwa kituo cha polisi wilayani Tarime, aliingia mama mmoja kutoka Nyanungu, akaweka leseni ya udereva juu ya kaunta.

"Ya mwanangu. Mahakama imemfungia kuendesha miezi sita, akawadanganya ninyi kwamba leseni imepotea."

Askari akaipokea. "Asante, mama. Tumemaliza."

"Bado. Jana nimemwona barabarani amepakia watu. Afande, ng'ombe akila mahindi ya jirani, ukimvua kengele ndiyo ataacha?"

Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo wa gari, akauweka juu ya leseni.

"Kamba yake hii hapa."

Waliotunga adhabu ya kunyang'anya leseni ni wasomi, sikatai. Ila nina hakika hakuna hata mmoja aliyewahi kuchunga.