Mama Miche na Udongo wa Mtalaka Wake

Siku alipoachika, rafiki yangu Mama Miche alisimama getini akaapa mbele ya majirani kwamba hatachukua chochote cha nyumba ile, hata udongo wake. Mdomo huponza kichwa, nilijua tangu hapo.

Kazi yake ni kuotesha miche ya misonobari. Atakueleza, umuulize usimuulize, kwamba mti huu hupenda jua na hauchagui ardhi, mbao zake ndizo zinazoshika dari za nusu ya mji, na utomvu wake huchanganywa kwenye rangi za milango. Ila utotoni hudeka. Mche usipotiwa udongo wa chini ya msonobari mzee, wenye ule utando mweupe wa kuvu unaosaidia mizizi kula, hugeuka njano na kudumaa.

Mwaka ule msitu alikozoea kuchota udongo ulifyekwa wote. Mvua zikakaribia, kitalu kizima kikawa njano, na wateja wakasema wazi kwamba miche isiporudi kijani watahamia kwa mwingine. Msonobari mzee uliobaki karibu ulikuwa mmoja tu, uani kwa mtalaka wake. Tena aliupanda yeye mwenyewe, angali bi harusi.

"Kuku wako, manati ya nini?" nikamwambia. "Nenda kaombe."

"Nilambe matapishi yangu? Thubutu!"

Akaona heri wizi. Akapendeza, akabeba mkoba mkubwa, akaenda kumjulia hali aliyekuwa mama mkwe wake, saa ambazo mwanaume yuko kazini. Bikizee huyo macho yamefifia, na hushinda kibarazani peke yake. Wakanywa chai, wakamsengenya mwanaume kwa roho safi, kisha rafiki yangu akaomba kwenda msalani, ambako ni nyuma, karibu na mti. Mkoba ulikwenda mwembamba, ukarudi umevimbiwa. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa.

"Leo umekawia huko," bikizee akamwambia siku moja. "Tumbo?"

"Tumbo, mama."

Aliponisimulia nilicheka nusura nianguke.

Miche ikashika kijani, wateja wakaja na lori wakapakia. Baada ya hapo nilimsindikiza akachukue udongo wa akiba, mara ya mwisho. Alipoaga, bikizee alimshika mkono, akapapasa kucha zake zilizojaa uchafu.

"Mwanangu, udongo ukishakutosha, utakuja tena?"

Mimi machozi yalinilenga, na aibu ilinishika kwa vile nilivyokuwa nimecheka. Mama Miche akaweka mkoba chini, akakaa tena.

"Haujatosha, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi kesho njoo na koleo. Vijiko vyangu vya chai umevipinda vyote."