Mwizi wa Mafuta Kwenye Motokari Isiyo na Pistoni

Enzi zetu kule Likasi, wakati kila mtu mzima aliitwa sitwayen, yaani raia, na kambi nzima ya wafanyakazi iliamshwa na king'ora cha kampuni ya madini, mtoto alijifunza kushuku kabla ya kujifunza kusoma. Ulishuku unga wa posho, kwamba mpimaji ameegemeza kidole kwenye mizani. Ulishuku mwalimu akicheka sana. Ulimshuku mgeni aliyekupa pipi kisha akauliza baba yako alisema nini jana aliposikiliza redio. Kila asubuhi mama alinifunga vifungo vya shati huku akinionya: "Bakikuuliza kintu ya mu nyumba, weye haujue. Hata jina yangu haujue!" Nilitii vizuri mno. Siku ya kuandikishwa shule nilikataa katakata kulitaja jina lake, mpaka wakamwita aje ajitaje mwenyewe. Vijana wa leo, wanaoonyesha dunia nzima hadi sufuria ya chakula cha jioni kwenye simu, wangekuwa wamekamatwa kabla ya saa nne.

Mtu mmoja tu hatukumshuku, naye ni jirani yetu Baba Ngoie. Yeye na baba walifanya kazi karakana moja ya kampuni, baba akiunga vyuma kwa moto, mwenzake akikereza vyuma kwenye mashine. Nyumba zao zilitazamana bila hata kijiti katikati. Mama Ngoie alizaliwa kando ya ziwa Tshangalele, na ndugu zake wakimletea samaki wa kukausha, nusu ilivuka kuja kwetu kabla gunia halijafunguliwa vizuri. Mtoto wao Ngoie na mimi tulikuwa na matumbo mawili kila mmoja. Tulikula bukari, ugali wetu, kwao, tukapangusa midomo, tukala tena kwetu. Halafu tuliendesha motokari zetu za waya mpaka vumbi lituvae kama suti.

Motokari ya kweli ililetwa na kuondoka kwa Mgiriki mmoja mwenye duka. Alipofunga virago kurudi kwao, aliwauzia baba na Baba Ngoie gari lake, nusu kwa nusu: la Kijapani, milango miwili, jekundu kama pilipili. Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, wakafungua kapo, kifuniko cha injini, mbele ya mtaa mzima. Baba aliinama, akainuka, akainama tena. Injini ilikuwa ndogo kama chungu cha kupikia maharage.

"Baba Ngoie, pistoni iko wapi?"

"Angalia chini."

"Chini hakuna. Hakuna pistoni, hakuna valvu. Mugriki ametoa pistoni yote, amekwenda nayo kwao!"

Watu wakaguna. Mmoja akasema ndiyo maana Mgiriki aliaga akitabasamu. Lakini Baba Ngoie alizungusha ufunguo, na chungu kile kikaanza kuimba kama nyuki. Wakashuku zaidi. Wiki iliyofuata wakaifungua yote, na ndani wakakuta mapande mawili ya chuma, kila moja la pembe tatu lenye tumbo, yakizunguka ndani ya nyumba iliyobanwa kiuno kama ganda la karanga. Basi, ndiyo injini nzima. Yanazunguka tu, hayapandi wala hayashuki. Baba alikaa chini akaomba maji.

Sasa, kulikuwa na Sitwayen Kabamba, muuza nyama wa sokoni, mwenye gari la Kijerumani. Alikuwa akisema kwenye kila baa kwamba kile kimashine cha kushonea cha wanakambi hakitaweza hata kuvuka barabara. Maneno hayo yaliwaingia wazee kama mwiba. Turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, haikuwepo Likasi nzima, na injini ile ilipumua kwa pua yake yenyewe. "Basi," akasema Baba Ngoie, "tuipanue pua." Akakata kipimo kutoka kopo la maziwa, wakachora, wakachukua tupa, wakayachonga matundu ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi. Walichonga taratibu, jioni baada ya jioni, ulimi nje, wakipuliza unga wa chuma. Baba akavitupa vile vikopo vya kuzima kelele, akaunga bomba moja nene lililonyooka kutoka kwenye lori bovu. Mlinzi wa kambi alikuja kulipima kwa mkanda wa suruali yake, akishuku kuwa ni la kampuni. Halikuwa. Aliondoka bado anashuku, akishika suruali.

Walipoiwasha, kuku wa kambi waliacha kutaga kwa majuma mawili. Kwenye kanisa letu padri alidhani ni mwisho wa dunia, akafupisha mahubiri, na waumini wakawashukuru wazee wetu. Ilinguruma, ikakohoa, ikanguruma, halafu ikaruka. Nilikaa nyuma na Ngoie, na mashavu yetu yakaenda kukutana na masikio.

Halafu mafuta ya injini yakaanza kupungua.

Hayakuvuja. Chini palikuwa pakavu. Baba alijaza, siku chache zikapita, akachomoa kijiti cha kupimia, akakuta alama imeshuka. Akajaza tena, yakashuka tena. Enzi hizo mafuta ya injini yalikuwa adimu kama theluji, na kitu kikipungua Likasi hatukuuliza kimekwenda wapi. Tuliuliza nani. Baba akafunga mnyororo juu ya kapo na kufuli mbili, moja yake, moja ya Baba Ngoie, kusudi asiweze mmoja kufungua bila mwenzake. Mafuta yakashuka hivyo hivyo.

"Mafuta inaenda wapi, Baba Ngoie?"

"Minye njo unaniuliza? Jiulize weye mwenyewe."

"Minye siko fundi wa kukereza ufunguo."

Baba Ngoie alijipangusa mikono. Akasema, "Na minye siko fundi wa kukata mnyororo na moto na kuunga tena," akaingia kwake.

Mama alijaribu kusema. "Kama yeye njo mwizi wa mafuta, juu ya nini bibi yake ameomba mafuta ya kupika kwangu leo?"

"Hii njo akili ya mwizi," akajibu baba. "Anaomba kidogo ili usijue iko na mingi."

Jumapili ile baba akasimamisha mabati katikati ya nyumba mbili. Samaki wakaisha. Tukala bukari na majani ya lengalenga, kesho lengalenga, keshokutwa lengalenga, mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe kuwa mbuzi. Ngoie alikatazwa kuja kwetu, nami kwao. Tuliegemea bati, yeye upande wake, mimi wangu, tukisukuma motokari za waya bila kuonana. Siku moja aliniuliza, "Baba yako njo anaiba?" Nikamwambia, "Baba yako njo anaiba." Motokari zikasimama. Hilo liliniuma kuliko njaa.

Kilichotuokoa ni kiburi cha muuza nyama. Alitangaza shindano, Jumapili baada ya misa, kwenye mteremko na mpando wa barabara ya Kakontwe. Baba akapata kabureta kubwa ya midomo miwili, ya kuchanganya petroli na hewa, akaanza kuifunga. Ndipo akaona mirija miwili myembamba kama miguu ya buibui ikiingia kwenye kabureta ya zamani. Akaifuata kwa kidole. Ikashuka, ikapinda, ikafika kwenye kipampu kidogo, na kipampu kimetia mdomo kwenye mafuta ya injini.

Nilimsikia akipiga kelele. "Mwizi! Huyu hapa! Njo anakunywa!"

Akaibana mirija kwa koleo, akaiziba kwa risasi ya kuyeyusha. Akang'oa mabati kwa mikono. Akamkamata jogoo wetu mkubwa, akaenda naye kwa Baba Ngoie, akasimama mlangoni jogoo akiwika kwapani. Baba Ngoie akatoka, akalala chali chini ya gari, akaitazama mirija. "Mwizi mudogo hivi," akasema, "na minye unanivalisha mabati." Wakacheka mpaka wakashikana. Jioni tukala jogoo, na kwa kweli kulikuwa na samaki.

Kuanzia hapo walichomoa kijiti pamoja kila asubuhi. Mafuta hayakushuka hata unywele.

Siku ya Kakontwe motokari yetu ililia kama simba aliyemeza tarumbeta. Ilimpita Kabamba kwenye mteremko, ikaanza kupanda, nasi tukipiga mayowe pembeni. Katikati ya mpando sauti ikapasuka, ikawa kikohozi, ikawa kimya. Gari la Kijerumani likapita taratibu, Kabamba akipunga mkono.

Baba akashuka upande wake. Baba Ngoie akashuka wake. Wakatazamana juu ya paa jekundu. Ngoie alinishika mkono, tukangoja mabati. Baba Ngoie akafungua kapo, akachomoa kijiti. Mafuta yalikuwa yamejaa pomoni.

"Hakuna aliyeiba," akasema polepole.

"Hakuna," akasema baba.

Halafu, kwa pamoja, vichwa viwili vikageuka kumtazama muuza nyama.

Nilipokuwa mtu mzima, kwenye shule ya jioni, mwalimu wa mekanika alichora ubaoni injini ile ile. Akaeleza kwamba ile mirija inatonesha mafuta ndani kwa makusudi, kulainisha ncha za zile pembe tatu, na ukiiziba ncha zinakauka na kusagika. Sikungoja kengele. Nikakimbia nyumbani nikiwa nimebeba elimu yangu kama sinia la moto. Niliwakuta wazee wawili, mvi tupu, wamekaa benchi moja wakila samaki kwa vidole.

"Kabamba njo alitia sukari," Baba Ngoie alikuwa akisema. "Minye niliona kijana yake karibu na tanki."

"Na juu ya nini alipunga mukono?" akauliza baba. "Mutu mwenye hana kosa hapungi mukono."

Nikakaa, nikachukua samaki, nikasema hata mimi yule kijana nilimwona.

Leo nakaa Lubumbashi. Gari langu linaniandikia kwenye kioo mafuta yakipungua, na vijana wangu wanadhani hiyo ndiyo akili. Jirani yangu ana ukuta mrefu wenye vioo vya chupa juu. Tumeishi pamoja miaka mingi na hatujawahi kutiliana shaka hata siku moja. Jina lake silijui.