Siku Nilipoipaka Prosesa Grisi ya Boti

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana sokoni Kilindoni wameshaitia chumvi na nazi. Mimi shule niliishia la tatu, lakini mashine za boti zinazopeleka wageni wa hifadhi ya bahari pale Ghuba ya Chole, nusu yake zimefufukia mikononi mwangu, na kwa jasho hilo nikafungua banda la gemu (la kwanza hapa mjini, muulizeni yeyote).

Kompyuta ikaanza kukwamakwama. Mchezaji anapiga shuti, mpira unaganda hewani, na wateja wakawa wanavuka barabara kwenda kwa Mama Neema, mama wa kutoka bara aliyefungua banda lake mkabala na langu. Nikaamua kutia prosesa kubwa zaidi, ya mtumba, bei poa. Mwalimu Joel wa sekondari, anayezijua hizi kompyuta, akanionya.

"Fundi, usipoteze hela. Kwa gemu ya mpira prosesa uliyonayo inatosha, inayokwamisha ni kadi ya picha. Na hiyo kubwa itachemka, feni yako ndogo."

"Mwalimu, wewe una vyeti, mimi nina banda. Boti ikiwa nzito unaongeza mashine, huongezi rangi!"

Prosesa ikaja kutoka Dar, nikaifunga mwenyewe. Pale kati ya prosesa na feni hupakwa dawa maalumu ya kupitisha joto, kidogo tu, nami sikuwa nayo, nikaona grisi ni grisi, nikachota ile ya mashine za boti nikapaka kwa ukarimu (kama anayepaka mkate siagi ya mwenzie). Ikawaka! Hapo ningenyamaza, lakini nikakodi bodaboda yenye spika izunguke mji ikitangaza mechi: madereva wa bodaboda dhidi ya wavuvi wa dago, kambi yao ya uvuvi kule kisiwa cha Shungimbili, ambao mbalamwezi ikiwaka hawavui dagaa, wanashinda mjini bila kazi. Nikiwapata hao, nilijiambia, Mama Neema atafunga.

Baada ya alasiri banda likafurika hadi nje. Kipindi cha kwanza mpira ukaganda vilevile. Cha pili, mvuvi kabaki yeye na golikipa, ikanuka kama mashine iliyokosa maji, kioo kikawa cheusi.

"Fundi, imezama au imepanda mwamba?" akauliza.

Nikafungua ubavu wa kompyuta, grisi inachuruzika, na badala ya kukiri nikamwita mke wangu alete kawa.

"Kawa ipi, nimefunikia wali?"

"Lete!"

Nikaanza kuipepea kompyuta mbele ya watu wote, ikawaka, ikazima, nikapepea, ikawaka, ikazima.

"Geuza, huku kumeiva!" akapaza sauti dereva mmoja.

Mama Neema akatokea mlangoni. "Shikamoo, Fundi. Pole. Si wamalizie kwangu?"

"Marahaba," nikasema, kawa mkononi, na banda likabaki na mimi na mke wangu.

Joel alikuja kufunga kadi ya picha na kurudisha prosesa ya zamani, mimi kazi yangu kushika tochi. Sasa inakimbia vizuri, nami nimeapa sinunui kipuri tena kabla sijajua kinachokwama ni kipi.

Ila wavuvi hawakurudi. Juzi umeme ulikatika katikati ya mechi yao kwa Mama Neema, akaniita nikamtengenezee jenereta. Nikaenda. Nikaitengeneza vizuri kuliko fundi yeyote kisiwani, wateja wangu wakashangilia, wakaendelea kucheza.