Nilivyompelekea Mama Anjelina Msalaba Wake

Niliondoka Misugusugu kwenda Kurui kwa sababu jumuiya yetu ilitaka kumfanya Mama Anjelina mtakatifu, na mimi ndiye katibu. Kazi ya katibu, kama hujui, ni kutumwa mahali ambapo mwenyekiti hataki kwenda.

Mama Anjelina aliishi mtaani kwetu miaka mingi, Mchaga wa Rombo mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mwenyekiti wetu, Mama Temba, alipofiwa na mume, Mama Anjelina alisema mbele za watu kwamba chakula cha msiba kimepungua kwa sababu mfiwa ana mkono wa birika. Hawakusemeshana tena. Baadaye akahamia Kurui, Kisarawe, kwenye shamba la mwanawe, na sisi tukapumua.

Mwezi wa Novemba huwa tunaweka vikapu viwili mbele ya altare: kimoja cha bahasha za kuwaombea marehemu, kingine cha shukrani. Jumapili moja katekista akasoma majina ya marehemu, na katikati akasoma la Mama Anjelina. Kanisa zima likaguna. Tukampigia simu, haikupatikana, nasi tukaona huo ni uthibitisho wa kutosha. Kufikia Jumatano alikuwa amekwisha kuwa mpole, msikivu, mtu wa sala, na hakuna aliyekumbuka kugombana naye. Mama Temba ndiye aliyelia kuliko wote. Jumuiya yetu ilikuwa changa, haijapata mtakatifu msimamizi, naye akatoa hoja tuitwe Jumuiya ya Mtakatifu Anjelina wa Kurui.

Paroko alitusikiliza huku akikuna kidevu.

"Kanisa halitengenezi watakatifu," alisema. "Linawatambua tu, tena polepole. Linataka mashahidi, linataka miujiza. Na linasubiri mtu afe kwanza, maana aliye hai bado anaweza kuharibu."

Katika yote hayo Mama Temba alisikia neno moja tu, mashahidi. Akamwagiza fundi achonge msalaba wenye jina la marehemu, akanunua shada la maua ya plastiki, akaniambia niende nikaone kaburi na nirudi na ushahidi kabla ya kikao cha Jumapili.

Jumamosi asubuhi, Mlandizi. Hapo nilitafuta bodaboda. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, aliutazama msalaba kwa muda.

"Huo tuufunge wapi, kaka?"

Tukaufunga mgongoni kwangu kwa mpira. Kuanzia hapo safari yangu ikawa ya heshima ambayo sijawahi kuipata kwa sifa zangu mwenyewe. Waendesha baiskeli walishuka. Wazee walivua kofia. Mbele kidogo wafugaji wakatusogezea ng'ombe pembeni ya njia, ingawa ng'ombe wenyewe hawakuguswa na msiba, na mmoja alijaribu kula maua.

Mzenga tulisimama kunywa chai. Mama muuza chai alipouona msalaba alinipa pole, akaniuliza marehemu alikuwa nani, nikaanza kusimulia, akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Nami nikalia kidogo. Nilikuwa nimeanza kuamini mwenyewe.

Kurui tulifika jua likiwa kali. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwanahamisi, bibi wa Kizaramo aliyekuwa akikaanga mihogo barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Naomba unionyeshe kaburi la Mama Anjelina."

Akageuza muhogo kwanza. "Kaburi? Kwani kafa saa ngapi? Asubuhi hii katoka kuwatukana mbuzi wangu."

"Namsema yule Mchaga, bibi."

"Mchaga hapa ni huyo huyo mmoja. Wangekuwa wawili tungehama."

Nikaketi barazani. Lakini nilikuwa nimetumwa ushahidi, na mimi nikishatumwa siwezi kujizuia. Nikamuuliza ni jirani wa namna gani.

"Mbuzi wangu wanakula migomba yake, tunagombana kila siku ya Mungu," alisema. "Binti yangu alipojifungua, yule bibi akawa anakuja kila alfajiri na sufuria la mtori, kwa ndizi zilizosalimika. Anamlisha mzazi, anamwogesha mtoto, anatukana mbuzi, anaondoka. Mpaka arobaini ilipofika."

"Na miujiza?"

"Muujiza ni kwamba mbuzi wangu bado wazima."

Nilimkuta Mama Anjelina kwenye migomba, jembe mkononi.

"Shikamoo, mama," nikamsalimia marehemu.

"Marahaba. Huo msalaba wa nani?"

Nikamgeuzia mgongo. Alisogea, akausoma polepole, akagusa herufi kwa kidole.

"Rangi imechuruzika," alisema.

Ikabidi nieleze yote. Naye akaeleza ya kwake: aliugua mwezi mzima, akapona, akampa muuza mkaa anayekuja Misugusugu bahasha ya shukrani aipeleke kanisani. Muuza mkaa ni Mwislamu, hakujua habari za vikapu, akaitia kwenye kilicho karibu. Simu ilikuwa imetumbukia kisimani. Mama Anjelina alicheka hadi akaegemea mgomba. Kisha akaacha kucheka.

"Mwezi mzima nilikuwa kitandani, hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kunisalimia. Nimekufa, mmeninunulia na maua."

Niliona aibu, na sikuwa na pa kuificha. Kila nikigeuka nilikuwa na msalaba mgongoni.

"Temba alilia kweli?" akauliza baadaye.

"Kuliko wote."

Akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge cha Jumapili, amebeba mkungu wa ndizi. "Twende. Na usipige simu. Nataka nisikie ninavyosifiwa." Akanifungua msalaba mgongoni, akarudi ndani, akausukuma chini ya kitanda. "Huu uache hapa. Nitauhitaji siku moja, na ninyi mlivyo wazito, bora uwe karibu."

Mzenga, wakati wa kurudi, mama muuza chai alitutambua.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akamtazama juu mpaka chini, akadai tumrudishie pole yake.

Jumapili alasiri, nyumbani kwa Mama Temba, kikao kilianza huku Mama Anjelina amekaa nje, chini ya dirisha, kama tulivyopatana. Nikaombwa nisome ushahidi. Nikasema ni bora tuanze na wenyeji. Wakasimama mmoja mmoja kumsifu. Wa mwisho alikuwa Mama Temba, aliyesema kwa sauti ya kutetemeka kwamba marehemu hakuwahi kumjibu mtu vibaya.

Hilo Mama Anjelina hakuweza kulivumilia. Mlango ukafunguka. Benchi moja lilianguka na waliolikalia, na katekista akashika rozari kwa mikono miwili.

"Acheni uongo," alisema. "Sijafa. Na nilimjibu vibaya huyu hapa, siku ya msiba wa mumewe." Akamgeukia Mama Temba. "Chakula kilitosha. Mimi nilichelewa, nikakuta kimekwisha, nikaona aibu kuomba. Nisamehe, dada."

Mama Temba aliliinua kwanza lile benchi.

"Nilikuwa nimekufichia sahani," alisema hatimaye. "Ulipoanza kutukana nikampa mwingine."

Wakashikana wakalia, na safari hii hakuna aliyesifu mtu.

Paroko alitupa Mtakatifu Yosefu, ambaye hana mazoea ya kurudi kusahihisha watu. Nilipomsimulia habari za Kurui aliniambia kwamba sote tumeitwa kuwa watakatifu, tena tukiwa hai. Nilikuwa nalijua hilo tangu mafundisho ya kipaimara. Nilichojifunza kwa mguu wangu ni kwamba wa mbinguni huombwa tu, lakini aliye hai lazima umpishe kiti, umsikilize, na uende kumwona akiugua.

Mama Anjelina yuko kwa Mama Temba mpaka leo. Kila asubuhi tunamsikia akilalamikia chumvi. Juzi Mama Temba alinivuta pembeni, akaniuliza kwa kunong'ona huyu atarudi lini Kurui.

Nikamwambia niko tayari kumsindikiza hata kesho.

Akanikazia macho. "Nani amesema aende?"