Mpira Alioudaka Mdogo Wangu

Mimi, Mbajuni wa kisiwa cha Ngumi, fundi wa kushona matanga, nilikuwa mwamuzi wa kriketi. Cheka ukitaka. Matajiri wa Kihindi pale Kismayu waliucheza mchezo huo tangu enzi ya Mwingereza, na Mtaliana alipokuja akawaacha, akiwaona wendawazimu tu. Wao kwa wao hawakuaminiana hata chembe, ndiyo maana wakanitaka mimi, nisiye wa nyumba yoyote.

Mwaka ule Mtaliana alikuwa akikusanya vijana kuwapeleka vitani Uhabeshi, na mdogo wangu naye akaitwa. Nilikonda kwa hofu. Tajiri mwenye jahazi alilofanyia kazi mdogo wangu akaniahidi: kesho atafika ofisini kwa Mtaliana aseme huyu ni baharia wake, aachwe. Na leo tajiri huyo huyo ndiye aliyeshika gongo la kupigia mpira. Upande wa pili ulipungukiwa mtu, wakamchukua mdogo wangu asimame nyuma ya vijiti vya mpigaji, adake mipira.

Mpira ukaligusa gongo, kidogo tu, ukaingia mikononi mwa mdogo wangu. Sote tulisikia. Mchezaji akidakwa hivyo ametoka, lakini mwamuzi hasemi neno mpaka wapinzani wamwulize, na wale wapinzani, kwa kumwogopa tajiri, wakageuza nyuso. Tajiri hakutikisika. Nami naomba moyoni: nyamaza wewe, mdogo wangu, nyamaza tu, kesho si mbali.

"Kaka," akauliza mdogo wangu kwa Kibajuni chetu, "vipi mchu huyu, katoka?"

Wallahi nilimchukia saa ile. Nikatamani ardhi inimeze. Lakini nimeshaulizwa, na watu wote wananitazama, na kazi niliyowekewa pale ni hiyo moja. Nikainua kidole: ametoka.

Tajiri akalitupa gongo akapita zake.

Asubuhi, mlangoni pa ofisi, karani akamwuliza tajiri kama huyu kijana ni baharia wake. Tajiri akanitazama mimi, si mdogo wangu. Nilimsihi kwa macho, sikuona haya yoyote.

"Mabaharia wangu nawajua," akasema. "Huyu simjui."

Wakampandisha kwenye lori pamoja na wenzake. Nilishika ubao wa lori, nikingoja anilaumu. Akainama, midomo imempauka kwa woga.

"Lakini niliudaka, kaka, si ndiyo?"

"Uliudaka," nikamwambia, na lori likaondoka.